Kikombe Cheupe cha Tumsifu

IFAHAMIKE KWA WATU WOTE, walio mlimani na walio bondeni, walio hai na watakaozaliwa, kwamba katika Kituo cha Tano cha Kuvuna Ukungu kinyongo kimekomeshwa rasmi, hakipo, wala hakitarudi tena, vizazi na vizazi.

Tangazo hilo tukufu lilichongwa kwenye bamba la shaba, likapigiliwa ukutani juu ya sinki la kuoshea vyombo. Chini yake mtu asiyejulikana, ambaye kila mtu alijua kuwa ni Mzee Kaniki, fundi wa mitambo, aliandika kwa chaki: "Isipokuwa siku za makande."

Kinyongo kilikomeshwa na vikombe. Kila mfanyakazi alikuwa na chake, chenye jina lake ubavuni. Kila siku saa nne asubuhi kengele ilipogongwa, watu wote kumi na wanane waliacha nyavu zao, wakaketi kwenye meza moja ndefu, wakanywa chai. Kikombe kilisoma kiganja kilichokishika: joto lake, jasho lake, mapigo ya mshipa wa kidole gumba. Moyo ukiwa umetulia, kikombe kilibaki cheupe kama yai. Moyo ukiwa na jambo, kiligeuka kijani kuanzia ukingoni, na mwenyewe hakuruhusiwa kuinuka mpaka alitaje jambo hilo mbele ya wenzake. Mtu alisema, "Mzee Kaniki ametumia taulo langu." Mzee Kaniki alisema, "Nilidhani ni la taifa." Watu walicheka, kikombe kikarudi cheupe, kazi ikaendelea. Ilikuwa sawa na kukaguliwa kucha kwenye paredi, ila hapa zilikaguliwa roho.

Kanuni moja tu ilitisha. Kikombe kikikaa kijani siku saba mfululizo, mwenyewe alihesabiwa kuwa na kinyongo sugu, akahamishiwa Kituo cha Bondeni. Bondeni hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na mabomba, tope, na kundi la watu waliohamishwa kwa kinyongo sugu, wote chini ya paa moja.

Mtunza vikombe alikuwa Tumsifu Mbaga, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mnadhifu kama daftari jipya. Kikombe chake mwenyewe hakikuwahi kuwa kijani kwa miaka minne na miezi mitatu. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alikiweka tu mahali ambapo mgeni yeyote akiingia lazima akione.

Kisha akaja Yusra Hoza.

*

Ili kuelewa dhambi ya Yusra, ni lazima kwanza uelewe wavu.

Tangu mvua zilipoacha kufuata kalenda, miji ya tambarare ilikunywa ukungu wa mlimani. Nyavu za Kituo cha Tano zilikuwa na urefu wa minazi mitatu, zimefumwa kwa nyuzi zilizopitishiwa umeme mdogo, kiasi cha kusimamisha nywele za mkono. Ukungu ukipita, matone yalivutwa na zile nyuzi, yakashikana, yakatiririka hadi kwenye mifereji. Mvunaji alisimama kwenye usukani na kuugeuza wavu uutazame ukungu ana kwa ana. Ukichelewa dakika mbili, ukungu unapita pembeni ukikucheka, na mji mzima huko chini unapikia maji ya jana.

Wavu wa saba, uliokuwa juu kabisa, ulikuwa wa Tumsifu. Aliuendesha kwa vipimo: unyevu, kasi ya upepo, mgandamizo wa hewa. Alijua kila kiraka chake kwa sababu nusu ya viraka alivishona mwenyewe.

Yusra, binti wa miaka ishirini na mbili, alipofika alipewa wavu wa tano. Hakutazama vipimo. Alifumba macho, akanusa, akasema, "Unakuja," na kuuzungusha usukani. Vipimo vilikubaliana naye dakika nne baadaye, kwa shingo upande. Mwezi wa kwanza wavu wa tano ulivuna kuliko wa saba. Mwezi wa pili Mzee Kaniki alianza kumwita "Pua ya Serikali." Mwezi wa tatu mpishi alianza kumwekea ukoko wa wali, heshima ambayo Tumsifu aliingojea miaka minne bila kuiomba, kwa sababu heshima ikiombwa si heshima.

Hakumchukia Yusra. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Yusra alikuwa mtu wa kupendeka: alimwamkia kila asubuhi, aliosha sufuria zisizo zake, alicheka vichekesho vya Mzee Kaniki hata vile vya mara ya tisa. Ungempatia wapi sababu mtu wa namna hiyo?

Siku ya mwisho wa mwezi Mama Semkiwa, mkuu wa kituo, alimwita Tumsifu ofisini.

"Tumsifu mwanangu, keti. Kuanzia keshokutwa wavu wa saba atashika Yusra. Wewe utashika wa pili."

Wavu wa pili ulitazama jikoni. Ulivuna ukungu kidogo na moshi wa maharage mwingi.

"Sawa, mama," Tumsifu alisema.

"Niliogopa utaumia."

"Niumie kwa nini, mama? Maji ni ya wote."

"Ndiyo maana kikombe chako hakijui kijani," Mama Semkiwa alisema, akampigapiga begani. "Basi mwambie mwenyewe. Habari njema hunoga ikitoka kwa mwenzako."

*

Kila tarehe mosi vikombe vilifundishwa upya. Kazi hiyo ilifanyika stoo, kwenye sanduku la bati lenye sahani mbili na kioo kidogo cha maandishi. Mtu aliweka kikombe chake juu ya sahani, akakishika kwa mikono miwili, akakaa kimya kwa sekunde sitini bila kuwaza kitu. Sanduku lilisoma mwili wake na kukiambia kikombe: hivi ndivyo mtu wako alivyo akiwa na amani. Kuanzia hapo kikombe kiliujua mfano huo mmoja tu. Chochote kilichokuwa mbali nao kilikuwa kijani. Kikombe hakikujua wivu wala mapenzi wala maumivu ya jino. Kilijua tu kwamba leo mtu wake si kama siku ile.

Kwa desturi mtunza alifundisha chake mwisho, pamoja na mtu wa mwisho kwenye foleni. Mtu wa mwisho siku ile alikuwa Yusra.

"Dada Tumsifu, niwaze nini?"

"Usiwaze kitu. Waza ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wowote, Yusra."

Sanduku likaanza kuhesabu. Yusra alifumba macho akawaza ukuta, na uso wake ulitulia kwa namna ambayo Tumsifu hakuweza kuitazama bila nyongo kumpanda. Hata kuwaza ukuta alikuwa anakujua kuliko watu wengine.

Sekunde ya ishirini, Tumsifu akasikia mdomo wake ukisema, "Mama amekupa wavu wa saba."

Yusra alifumbua macho. "Wallahi?"

"Usiachie kikombe."

"Mimi? Wa saba? Si ndio wako, dada?" Machozi yalimtoka huku anacheka, na mashavu yalimwiva kama nyanya. "Na wewe hujakasirika? Dada, wewe una moyo gani? Siamini. Ningekukumbatia, basi tu nimeambiwa nisiachie kikombe!"

Sitini. Sanduku likalia kidogo, na maneno mawili yakatokea kiooni: HIFADHI. RUDIA.

Mtunza vikombe yeyote anajua la kufanya mtu akipiga chafya, akicheka au akilia katikati ya mafunzo. Anarudia. Tumsifu alikuwa amerudia mara nyingi, mara nne kwa Mzee Kaniki peke yake, maana yule hakuweza kukaa kimya sekunde sitini hata kwa dawa.

Alitazama kiooni. Alimtazama Yusra, anayefuta machozi kwa kiwiko. Basi na iandikwe kwamba alisita. Alisita kwa muda wa kumeza mate mara moja.

Kisha akabonyeza HIFADHI.

*

Kesho yake saa nne, kikombe cha Yusra kiligeuka kijani kabla hajatia sukari.

Meza ilinyamaza kama bweni anapoingia mwalimu wa zamu.

"Haya, Yusra," Mama Semkiwa alisema kwa upole. "Lipo jambo?"

Yusra alikitazama kikombe kana kwamba kimemtukana. "Sina jambo, mama. Nina furaha ya kawaida tu."

"Kikombe hakidanganyi, mwanangu. Tafuta taratibu."

Yusra akatafuta. "Labda... godoro langu lina bonde."

"Ni godoro hilo!" Mzee Kaniki alisema. "Nililala juu yake mwaka mzima. Limenikunja mpaka leo, nikiitwa mbele naenda kushoto."

Watu wakacheka. Kikombe kikabaki kijani.

Tumsifu alicheka pamoja nao, na hapo ndipo akakumbuka kikombe chake mwenyewe. Moyo wake ulikuwa unachemka, kifua kinamwaka, kiganja kimelowa. Alitazama chini kwa hofu. Kikombe kilikuwa cheupe kama yai.

Ilimchukua mikupuo mitatu ya chai kuelewa. Siku ile stoo alikuwa ameshika kikombe chake kwenye sahani ya pili, na kilichosomwa humo hakikuwa amani. Kilikuwa wivu, tena ukiwa kwenye kilele chake. Sasa kikombe chake kiliujua wivu kuwa ndiyo hali yake ya kawaida, na maadamu aliendelea kuwa nao, kingebaki cheupe.

Aliendelea kuwa nao bila taabu yoyote.

Siku ya pili Yusra alikiri kwamba aliwahi kuona kijicho kwa sababu ya viatu vya mpishi. Kijani. Siku ya tatu alisema, "Nafikiri namwonea wivu Mzee Kaniki kwa koti lake."

Mzee Kaniki alisimama, akalivua lile koti la sufu alilolivaa tangu enzi za mvua, akamvika Yusra mabegani. "Chukua, binti yangu. Mfuko wa kushoto una biskuti."

Kijani.

Siku ya nne Mama Semkiwa alimletea parachichi kutoka shambani kwake, moja, limefungwa kwenye leso. Siku ya tano mpishi alimpa ukoko wa sufuria nzima. Na Tumsifu, aliyekuwa amedhani kwamba atapata nafuu, aligundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya: mtu akianguka, hupendwa zaidi. Nani aliwahi kumvika yeye koti? Nani aliwahi kumfungia parachichi kwenye leso? Miaka minne ya kikombe cheupe, na hakuna aliyeona haja ya kumpa hata biskuti. Kikombe chake kiling'aa weupe hadi jirani yake mezani akasema, "Dada, utufundishe."

*

Siku ya sita alasiri, Tumsifu alikuwa stoo akifuta vikombe Yusra alipogonga mlango. Koti la Mzee Kaniki lilimfika magotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujaenda wavuni?"

"Nimetoka. Ukungu mkubwa umepita saa nane, sikuunusa. Nilikuwa nawaza kikombe. Wavu wa saba umebaki mkavu." Aliketi juu ya kreti. "Ila nimepata jambo lenyewe, dada. Nimeona nije nikwambie wewe kwanza, kabla ya mezani."

Tumsifu aliendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Ni wewe. Nakuonea wivu wewe. Ulinyang'anywa wavu, ukaniletea habari mwenyewe, ukitabasamu, na kikombe chako hakikubadilika hata kidogo. Nami nimepewa kila kitu na roho yangu ni ya kijani." Alijaribu kucheka. "Nyumbani walisema mimi ni mtu wa kuridhika. Mama yangu alikuwa ananisifia kwa majirani: huyu Yusra wangu, ukimpa ugali mkavu anasema asante. Kumbe nina roho ya korosho, na mama amekufa bila kujua."

Kitambaa cha Tumsifu kikasimama.

Angeweza kusema hapohapo. Dawa ilikuwa sekunde sitini tu na ukuta wa kuwaza. Lakini sanduku lilikuwa na daftari lake: kufundisha kikombe kabla ya tarehe mosi kulitaka sababu iandikwe na Mama Semkiwa aweke sahihi. Sababu ingekuwa ipi? Mtunza amekula njama? Miaka minne na miezi mitatu ingeyeyuka kama sabuni ya mche, na angeshuka Bondeni yeye, wakimwangalia. Na hata hivyo, je, si kikombe tu? Binti huyu si angejua moyoni mwake kwamba hana wivu? Mtu hajijui?

Lakini Yusra alikuwa amekaa mbele yake, na ilikuwa dhahiri kwamba hajijui tena. Siku sita zilitosha. Alikuwa amekisadiki kikombe kuliko mama yake mzazi.

"Dada, wewe unafanyaje?" Yusra aliuliza. "Nifundishe. Nitafanya chochote."

Tumsifu alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, umevaa na viatu. Kisha akaona ule mfuko wa kushoto wa koti, umetuna kwa biskuti.

"Lala mapema," alisema. "Na unywe maji mengi."

"Asante, dada," Yusra akasema, kama mtu aliyepewa ugali mkavu.

*

Siku ya saba Yusra alikuja mezani na begi lake. Hakungoja kuulizwa. Alishika kikombe, kikawa kijani, akakiweka chini.

Mama Semkiwa alisimama. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini hakuisoma. "Kanuni tuliiweka sote," alisema. "Hata mimi ingenishika. Yusra, gari la Bondeni linafika saa sita. Hatukufukuzi, mwanangu. Roho ikitulia utarudi." Alisafisha koo. "Wavu wa saba unarudi kwa Tumsifu."

Na hapo, katika kifua cha Tumsifu, kitu kikafunguka. Kilikuwa kama kamba ya kiatu iliyobana wiki nzima na sasa imelegezwa. Pumzi ikaingia hadi chini. Mabega yakashuka. Hakukusudia, hakukaribisha, na asingeweza kuzuia: amani tamu, yenye ladha ya sukari guru, ikamjaa hadi kwenye ncha za vidole.

Ncha za vidole zilikuwa zimeshika kikombe.

"Tumsifu," Mzee Kaniki alisema.

Kikombe kilikuwa kijani. Hakikuanzia ukingoni kama vya wengine. Kiligeuka chote kwa mara moja, kuanzia kitako hadi kwenye kishikio, kijani cha mgomba, kijani ambacho hakijawahi kuonekana kwenye meza ile. Mpishi aliacha birika hewani.

"Lipo jambo?" Mama Semkiwa aliuliza, sauti ndogo.

"Nasikitika," Tumsifu alisema haraka. "Nasikitika kumpoteza Yusra."

Ulikuwa uongo mzuri sana, pengine mzuri kuliko wote uliowahi kusemwa kituoni, na watu kadhaa walifuta macho. Yusra aliinuka, akazunguka meza, akamshika bega. "Usilie kwa ajili yangu, dada." Wote wakakitazama kikombe, maana ndiyo desturi: jambo limetajwa, sasa kitarudi cheupe.

Hakikurudi. Mkono wa Yusra begani uliendelea kuwa wa joto, na kikombe kiliendelea kuwa kijani cha mgomba.

Mzee Kaniki hakuwa anatabasamu. Tumsifu hakuwahi kuuona uso wake bila mzaha, na ulikuwa uso wa fundi. "Hicho ulikifundisha lini?"

"Tarehe mosi, mzee. Kama vyote."

"Pamoja na nani?"

"Na... Yusra alikuwa wa mwisho."

"Sahani hii na hii, dakika ileile." Alihesabu kwa vidole. "Vikombe viwili vimepata wazimu, na vyote vimefundishwa kwa pamoja. Siku moja baada ya wewe kunyang'anywa wavu. Yusra binti yangu, siku ile stoo uliwaza nini?"

"Ukuta," Yusra alisema. "Mwanzoni. Kisha dada akaniambia nimepewa wavu wa saba, nikalia kwa furaha."

"Katikati ya kuhesabu?"

"Ndiyo. Kwani haifai?"

Jozi kumi na sita za macho zilimgeukia Tumsifu, wala hazikuwa na haja ya kikombe. Tumsifu aliangalia chai yake. Mlangoni palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupita, lakini kanuni ni kanuni: mwenye kikombe cha kijani hainuki.

"Mimi ndimi niliyekiharibu cha Yusra," alisema. "Habari ilinitoka bila kukusudia. Kuhifadhi ndiko nilikusudia. Kiooni paliandikwa Rudia, nikaona, nikaacha. Hana kinyongo na mtu. Hana kinyongo na godoro, wala na viatu. Koti la Mzee Kaniki hakulitamani."

"Hata kidogo?" Mzee Kaniki aliuliza.

"Mzee!" Mama Semkiwa alisema.

Mkono wa Yusra ulikuwa umeondoka begani. "Na chako?" aliuliza kutoka nyuma. "Siku zote hizi kilikuwa cheupe."

"Kilifundishwa nikiwa na wivu. Kikiwa cheupe, maana yake nakuonea wivu. Kilikuwa cheupe siku sita, Yusra. Hata jana stoo, uliponiambia habari za mama yako. Nilitaka kusema, nikaona zile biskuti."

"Na sasa kimegeuka kwa nini?"

Hapo Tumsifu angeweza kujibu lolote. Uchungu, majuto, aibu: yote yalikuwa karibu, na hakuna kikombe duniani ambacho kingembishia, maana chake hakikuwa na akili tena na kila mtu alijua hivyo. Alifunga viganja vyote viwili kuzunguka ule ukijani.

"Kwa sababu nimefurahi," alisema. "Mama aliposema unaondoka, nilifurahi."

Chai ilipoa. Birika la mpishi lilishuka taratibu mezani. Yusra alilivuta begi lake kwa mguu, akalisogeza pembeni, akavuta kiti, akaketi mkabala na Tumsifu, karibu hadi magoti yakagusana.

"Anzia siku ile niliyofika kituoni," alisema. "Na usiruke kitu."

Tumsifu akaanzia siku ile.